Lumbwa: Mji wa Stesheni na Chama cha Kwanza cha Ushirika

Chama chetu Kikuu kimetimiza miaka kumi. Katika kijitabu hiki wasomaji watakuta hesabu za maziwa, picha za viongozi, na salamu za wageni wetu. Halmashauri ilituagiza sisi wa ofisi ya Katibu tuandike jambo la historia, ili wanachama, na hasa vijana, wapate kujua ushirika wa wakulima ulianzaje katika nchi yetu ya Kenya. Tuliona haifai kuandika habari za chama chetu peke yake, kana kwamba ushirika ulizaliwa siku ile tulipopewa cheti cha kuandikishwa. Basi tulisafiri kwenda kuutazama mji mdogo wa Kipkelion, katika Kaunti ya Kericho, ambao zamani uliitwa Lumbwa. Hapo ndipo mwaka wa 1908 kilipoundwa chama cha kwanza cha ushirika cha wakulima katika Kenya.

Tulikuwa na sababu ya pili pia, nayo twaitaja waziwazi. Mkutano Mkuu wa mwaka huu umeletewa pendekezo kwamba chama cha msingi kisichofikisha kiasi fulani cha maziwa kwa siku kisikubaliwe kuingia katika Chama Kikuu, na kwamba mkulima asiye na hati ya shamba asiandikwe katika vyama vyetu. Wako wanaolipenda pendekezo hilo, na wako wanaolichukia. Tulitaka kujua waliotutangulia walifanya nini na mlango wao, na matokeo yake yalikuwa nini.

RELI YATEREMKA MAU

Mtu hawezi kuelewa Lumbwa asipoanza na reli. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, yaani Kisumu ya leo. Wafanya kazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa katika kazi hiyo. Serikali ya Kiingereza ilitumia zaidi ya pauni milioni tano.

Sehemu iliyowasumbua sana mainjinia ilikuwa milima ya Mau. Njia ilipanda kutoka Nakuru mpaka kilele cha zaidi ya futi 8,300, kisha ikateremka zaidi ya futi 4,500 mpaka ziwani. Mteremko huo umekatwakatwa na mabonde yenye mito, na njia haikuweza kupita pasipo madaraja marefu. Madaraja 27 ya chuma yalitengenezwa na kampuni ya Kimarekani, American Bridge Company, nayo yakapandishwa kipande kwa kipande juu ya mabonde hayo. Katika mteremko huo ndipo ilipowekwa stesheni ya Lumbwa, kati ya Londiani na Fort Ternan.

Jina lenyewe lina habari yake. Wenyeji wa nchi ile ni Wakipsigis, nao hawakujiita Walumbwa hata siku moja. Hilo lilikuwa jina walilopewa na jirani zao Wamasai, tena halikuwa la heshima, kwa maana Mmasai alimdharau mfugaji aliyeshika jembe. Waingereza walilisikia, wakaliandika katika ramani na katika ubao wa stesheni. Hivyo mji ulibatizwa jina la dharau, na ulidumu nalo mpaka baada ya Uhuru, ulipopata kuitwa Kipkelion.

Reli haikupita kwa amani. Upande wa kaskazini Wanandi waliipinga kwa miaka kumi, tangu 1895 hata 1905. Walikata nyaya za simu na kung'oa vyuma vya reli. Vita vyao vilikwisha baada ya kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, kuuawa tarehe 19 Oktoba 1905, alipokwenda kuonana na Kapteni Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Wanandi waliokaa karibu na reli walihamishwa kwa nguvu. Mwaka huohuo wa 1905 Wakipsigis wa Sotik nao walishambuliwa na majeshi ya serikali, na ng'ombe wao wakachukuliwa kwa maelfu.

CHAMA CHA WALOWEZI

Reli ilipokwisha, serikali ilijikuta na deni kubwa na mabehewa matupu. Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna tangu 1900 mpaka 1904, aliona dawa ni kuwaita walowezi wa Kizungu waje kulima kando ya njia, ili mazao yao yalipie reli. Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 1902 iliwapa mashamba kwa miaka 99, na ile ya 1915 ikawapa kwa miaka 999. Nchi iliyokuwa malisho ya Wakipsigis ilipimwa kwa minyororo, ikakatwa viwanja, ikapewa nambari.

Lakini shamba kubwa si utajiri mpaka mazao yauzwe. Mlowezi wa Lumbwa alikuwa mbali na bandari. Jembe la kukokotwa na ng'ombe, mbegu, magunia, waya wa ua, vyote vilipanda kwa garimoshi kutoka Mombasa, na kila kitu kilikuwa na nauli. Aliyenunua peke yake alinunua kwa bei ya duka, na aliyeuza peke yake aliuza kwa bei aliyoitaka mnunuzi. Ndama wake walikufa kwa homa ya kupe, na mahindi yake yalioza kwa kungojea behewa.

Katika shida hiyo ndipo walipofanya jambo la busara. Mwaka wa 1908 waliunda Chama cha Ushirika cha Lumbwa. Kazi yake ilikuwa mbili tu: kununua mahitaji ya shamba kwa pamoja, na kuuza mazao kwa pamoja. Sheria ya vyama vya ushirika haikuwako bado katika nchi hii, wala haikuwako mpaka mwaka wa 1931. Waliongozwa na mfano wa kwao Uingereza, ambako watu 28 wa Rochdale walifungua duka la ushirika mwaka wa 1844.

Maziwa yaliwafundisha umoja kuliko mahindi. Gunia la mahindi laweza kungoja wiki. Maziwa hayangoji hata jioni. Siku zile mkulima alitenga krimu shambani kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, akawapa ndama na nguruwe maziwa yaliyobaki, kisha akapeleka krimu katika makopo mpaka kiwandani, ikasukwa kuwa siagi. Kiwanda cha siagi hakiwezi kuendeshwa na mtu mmoja mwenye ng'ombe thelathini. Mwaka wa 1925 walowezi wa Naivasha waliunda Kenya Co-operative Creameries, ambayo sote twaijua kwa jina la KCC. Mwaka wa 1931 viwanda vya Naivasha, Nanyuki na Lumbwa viliungana kuwa KCC moja. Hivyo mbegu iliyopandwa Lumbwa iliingia katika mti mkubwa wa nchi nzima.

Hatuoni aya kuwasifu kwa hilo. Hekima haina kabila, na mwenye kutaka kujifunza hujifunza hata kwa aliyemdhulumu.

WALIOBAKI NJE YA MLANGO

Sasa twafika mahali panapouma. Chama cha Lumbwa kilikuwa chama cha Wazungu peke yao. Mwafrika hakuwa na hisa, wala kura, wala kiti. Lakini je, ng'ombe walikamuliwa na nani? Makopo yalipakiwa na nani alfajiri, na nani aliyefagia kiwanda? Walikuwa maskwota, watu waliokaa katika mashamba yale kwa sharti la kumfanyia mwenye shamba kazi. Sheria ya mwaka wa 1918 iliwafunga kwa mkataba wa kazi, na tangu 1920 kila mwanamume wa Kiafrika alilazimika kuvaa kipande shingoni. Sheria ya 1937 ikazidi kuwabana: halmashauri za walowezi zilipewa mamlaka ya kupunguza ng'ombe wa maskwota na kuongeza siku zao za kazi. Mtu alikamua ng'ombe wa bwana hali wa kwake wanauzwa kwa amri.

Tena tusidhani kwamba Wakipsigis hawakujua maziwa wala umoja. Wao walikuwa mabingwa wa maziwa kabla reli haijaota ndoto ya kufika. Mpaka leo hugandisha maziwa katika kibuyu kilichofukizwa kwa mkaa wa mti maalumu, nayo huitwa mursik, na hakuna sherehe inayokamilika bila hayo. Kuhusu umoja, walikuwa na kokwet, yaani baraza la majirani wa ujirani mmoja, waliokata shauri pamoja na kusaidiana kazi za shamba. Katika miaka ya 1920 na 1930 wengi walinunua majembe ya kukokotwa na ng'ombe, wakajenga vinu vya maji vya kusaga mahindi, na kuuza unga kwa wafanya kazi wa mashamba ya chai ya Kericho. Watu wa namna hii hawakukosa akili ya biashara. Walikosa kufunguliwa mlango.

Reli nayo ilikuwa na upendeleo wake. Katika miaka ya 1920 mahindi ya walowezi yaliyokwenda ng'ambo yalisafirishwa kwa nauli ndogo, na zana zao za kilimo vilevile; lakini bidhaa zilizonunuliwa na Waafrika, kama nguo na mablanketi, zilitozwa nauli kubwa. Kwa maneno mengine, mama aliyenunua kanga Lumbwa alimsaidia mlowezi kulipa nauli ya mahindi yake, naye hakujua.

Na mlango uliofungwa haukuwaokoa waliokuwa ndani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani walipewa eka 25,000 karibu na Kericho walime kitani. Bei ya kitani ilianguka mwaka wa 1921, na mpango wao ukafa. Mashamba yale yakaingia mikononi mwa makampuni ya chai. Chai hiyo ilishushwa kwa barabara mpaka stesheni ya Lumbwa, kwa maana Kericho haikupata reli yake. Kisha mwaka wa 1924 njia mpya kutoka Nakuru ilifika Eldoret, na mwaka wa 1931 ikafika Kampala. Njia kuu ikawa ile. Hii ya Lumbwa ikabaki tawi la kwenda Kisumu. Mji uliojengwa juu ya reli ulijifunza kwamba reli yaweza kuhama.

MLANGO WAFUNGULIWA

Sheria ya mwaka wa 1945 ndiyo iliyowafungulia Waafrika njia ya kuunda vyama vyao vya ushirika kwa usimamizi wa serikali. Walioingia kwanza walikuwa wakulima wa kahawa, pareto, mboga na maziwa. Tukumbuke kwamba katika sehemu nyingi Mwafrika alikuwa amezuiwa hata kupanda kahawa mpaka miaka ya 1930. Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954 uliongeza mazao ya biashara na ng'ombe wa daraja katika mashamba ya Waafrika, na kituo cha Kabete, kilichoanzishwa mwaka wa 1946, kilieneza mbegu za madume bora kwa sindano, hata mtu asiye na uwezo wa kununua dume akapata ndama wa damu nzuri.

Nchi ilipopata Uhuru mwaka wa 1963, vyama vilivyoandikishwa vilikuwa zaidi ya 1,000. Mwaka wa 1962 ulikuwa umeanza mpango wa eka milioni moja, ambao uliwapa mashamba familia kama 35,000 katika nchi iliyokuwa ya walowezi. Mwaka wa 1966 ikatungwa sheria mpya ya ushirika, na mwaka wa 1968 Benki ya Ushirika ikaanza kazi. KCC nayo iliacha kuwa mali ya wachache, na wakulima wadogo wakaingia kwa wingi.

Lakini kufunguliwa mlango si mwisho wa habari. Soko la maziwa lilipoachwa huru mwaka wa 1992, KCC ilikuwa imedhoofika kwa uongozi mbaya na madeni. Wakulima walikaa miezi bila malipo, na mwaka wa 2000 mali ya KCC iliuzwa kwa watu binafsi. Serikali iliichukua tena mwaka wa 2003, ikazaliwa New KCC. Hapa twapata onyo la upande wa pili. Chama cha Lumbwa kilimnyima jirani haki ya kuingia; KCC ya miaka ya 1990 ilimwingiza jirani, kisha ikamnyima hesabu. Aliye ndani ya nyumba yenye giza hana raha kuliko aliye nje.

MJI WENYEWE LEO

Msafiri atokaye Nakuru hupita Molo na Mau Summit, kisha huiacha barabara kuu ya Kericho na kuteremka mpaka Kipkelion. Ni mji mdogo wa baridi, wenye milima pande zote. Atakayetafuta majumba makubwa atarudi amenuna. Reli yenyewe ndiyo kumbukumbu kuu: vyuma vimelala palepale vilipopimwa na watu wa 1901, vikipinda na mlima. Kwa miaka kadhaa garimoshi la abiria halikwenda Kisumu kabisa, mpaka njia ilipotengenezwa na safari zikaanza tena mwezi wa Desemba 2021.

Tulisimama karibu na reli asubuhi. Pikipiki zilipita zikiwa na makopo ya maziwa yaliyofungwa kwa mipira nyuma ya kiti. Akina mama walitembea na vidumu vidogo mkononi. Hatukuweza kuacha kufikiri kwamba makopo ya 1908 yalipita njia zilezile. Tofauti ni kwamba sasa mbebaji ndiye mwenye maziwa.

Twasema pia, kwa huzuni, kwamba nchi hii iliyokuwa ya walowezi iliona mapigano mwaka wa 1992 na tena mwanzoni mwa 2008, majirani wakafukuzana kwa sababu ya kabila na shamba. Swali lilikuwa lilelile la mwaka wa 1908: nani ni wa hapa, na nani ni wa nje? Katika mapigano kama hayo tangi la maziwa la chama ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo watu wa makabila mbalimbali wana sehemu ndani yake. Maziwa yakishamiminwa, hakuna awezaye kutenga ya Mkipsigis na ya Mkikuyu na ya Mkisii. Hiyo ni faida ya ushirika ambayo haiandikwi katika mizania.

NENO KWA MKUTANO MKUU

Basi turudi kwenye pendekezo lililo mbele yetu. Wanaolitetea si watu wabaya. Wanasema kukusanya lita mbili hapa na lita tatu pale kunakula mafuta ya gari, na kwamba kopo moja chafu huharibu tangi zima. Maneno hayo ni kweli, na yapasa kujibiwa kwa kazi, si kwa hasira. Kituo kimoja cha kupozea maziwa kikiwekwa kati ya vijiji vitatu, gari halitazunguka kila nyumba. Kipimo cha maziwa hakiulizi mtu analeta lita ngapi: maziwa yaliyotiwa maji hukataliwa yawe ya tajiri au ya maskini.

Ama sharti la hati ya shamba, tuliangalie kwa macho mawili. Katika nyumba nyingi hati huandikwa jina la baba, lakini anayekata majani, anayekamua na anayefika mizani kabla ya jua kuchomoza ni mama. Kijana naye hufuga katika kipande alichoonyeshwa na mzee wake kwa mdomo tu. Tukidai hati, tutakuwa tumewaandika wenye ardhi na kuwaacha wenye maziwa. Lumbwa ya 1908 ilifanya hivyo hasa: walioandikwa katika daftari walikuwa wenye shamba, na waliokamua walisimama nje.

Kwa hiyo ofisi yenu yawaomba wajumbe mambo matatu. Kwanza, mlipime pendekezo hili kwa historia kama mlivyozoea kulipima kwa shilingi. Pili, badala ya kiwango cha wingi tuweke kiwango cha usafi, tena kiwe kikali, na kisiwe na jamaa. Tatu, hesabu za Chama zibandikwe kila mwezi katika kila kituo, kwa Kiswahili ambacho kila mwanachama aweza kusoma, ili wale tutakaowakaribisha wasikaribishwe gizani.

Waliotutangulia walituachia urithi wenye sehemu mbili: ufundi wa kuungana, na dhambi ya kumfungia jirani. Ufundi tumeupokea, na miaka hii kumi ni ushahidi. Hiyo nyingine hatulazimiki kuirithi. Twawatakia wanachama wote, na wale watakaokuwa wanachama, sikukuu njema ya mwaka wa kumi. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba chetu kilijazwa na watu wa lita mbili.